Donge la Kooni: Koo Limekaba au Chakula Kimekwama?

Miongoni mwa malalamiko ambayo hayakosi kumfikia daktari wa masikio, pua na koo ni lile la mtu asemaye kuwa kuna kitu kimemkaa kooni, hakitoki wala hakiteremki. Humeza mate, kitu kipo. Hukohoa, kipo. Hunywa uji kikatulia, na baada ya saa moja kimerudi. Hujitazama kwenye kioo akiwa ameachama kinywa, asione lolote. Jirani humwambia kuwa hiyo ni baridi ya Nyeri. Mwingine humnong'oneza kuwa ni saratani. Wa tatu, ambaye pengine ndiye amdhuruye zaidi, humwambia kuwa hana ugonjwa wowote, ni mawazo yake tu.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni isimu, na ningewaachia wenyewe mambo ya koo lau si jambo moja: kwamba tatizo hili, kuliko mengi niyajuayo, huamuliwa kwa maneno ya mgonjwa. Mguu uliovunjika hupigwa picha ukaonekana. Malaria hutafutwa katika tone la damu. Donge la kooni, kwa wengi walio nalo, halionekani kwa macho wala halishikiki kwa vidole. Daktari hulijua kwa kusimuliwa, na kwa hivyo anayelisimulia vibaya aweza kutibiwa vibaya. Dai langu katika makala hii ni kwamba Kiswahili tayari kina vitenzi viwili viwezavyo kumsaidia mgonjwa kujieleza, na kwamba shule zetu zinawajibika kuwafunza watu kuvitumia.

Vitenzi hivyo ni kukaba na kukwama. Mtu asemapo "koo linanikaba", kiima cha sentensi yake ni koo lenyewe: koo ndilo litendalo, ndilo lililojikaza. Asemapo "chakula kinanikwama", kiima ni chakula: kuna kitu kilichokuwa safarini, nacho kimezuiwa njiani. Katika sentensi ya kwanza njia i wazi ila mwenyewe anahisi imebanwa. Katika ya pili, njia yenyewe huenda inaziba. Mwanafunzi wa shule ya upili aweza kuzichanganua sentensi hizo kwa dakika mbili akapata alama zake zote. Hata hivyo, tofauti iliyomo baina yake ndiyo tofauti ya mtu anayehitaji kutulizwa na kuelekezwa, na mtu anayehitaji kuchunguzwa hospitalini bila kupoteza hata wiki moja.

Tuanze na koo lililokaba. Walimu wa Kiswahili huwafundisha wanafunzi ala za sauti, na hapo ndipo maelezo yake yalipo. Nyuma ya ulimi kuna koromeo, ambalo ni njia panda. Mbele yake lipo kongomeo, ambamo zimo nyuzi za sauti na ambamo hewa hupita kwenda mapafuni. Nyuma ya kongomeo huanza umio, mrija upelekao chakula tumboni. Tumezapo, kongomeo hupanda juu, na kifuniko kidogo ambacho vitabu vyetu hukiita kidakatonge huinama kuilinda njia ya hewa. Kule juu, mahali umio unapoanzia, kuna msuli wa mviringo ambao hukaa umefungwa wakati wote, ukafunguka tu tunapomeza. Msuli huo ukikaza kupita kiasi, au ngozi laini inayouzunguka ikiwashwa, mtu huhisi kama kwamba tonge limekaa pale pale. Hakuna tonge. Kuna msuli uliokaza na ubongo unaotafsiri mkazo huo kuwa ni kitu.

Ndiyo maana wengi wenye donge la namna hii hulisikia zaidi wanapomeza mate matupu kuliko wanapokula. Akipata sahani ya githeri au mukimo, chakula hupita vizuri na donge hupungua kwa muda. Akimaliza kula, hurudi. Wataalamu wa maradhi ya tumbo na umio, katika mwongozo wao wa kimataifa uliotolewa mwaka 2016, wameweka masharti ya kulitambua: hisia ya donge isiyo na maumivu, itokeayo kati ya milo, isiyozuia chakula wala kuumiza wakati wa kumeza, na isiyotokana na ugonjwa mwingine wa umio uliothibitishwa. Iwe imeanza angalau miezi 6 kabla ya uchunguzi, na katika miezi 3 ya mwisho iwe imemjia mtu walau mara moja kwa wiki. Msomaji ataona kuwa sharti la chakula kupita limo katika kiini cha mwongozo huo. Hilo ndilo ambalo kitenzi kukaba hulisema kwa neno moja.

Wala tatizo hili si la watu wachache. Takriban wagonjwa 4 katika kila 100 wanaopelekwa kwa madaktari wa masikio, pua na koo huenda kwa ajili yake. Uchunguzi uliofanywa Uingereza miongoni mwa watu wenye afya njema, na kuchapishwa mwaka 1982, ulionyesha kuwa karibu nusu yao waliwahi kulihisi, hasa walipokuwa na huzuni au hisia kali. Kwa hivyo anayelalamika kuwa ana donge kooni hajitungii hadithi, wala hayuko peke yake.

Hata hivyo, historia ya jina lake ina aibu ndani yake. Kwa karne nyingi madaktari wa Ulaya waliamini kuwa donge hili ni la wanawake, na kwamba chanzo chake ni tumbo la uzazi. Neno walilolitumia, ambalo mizizi yake ni jina la Kiyunani la tumbo la uzazi, ndilo lile lile wazungu walilotumia kumwitia mwanamke aliyeonekana amepandwa na wazimu. Mwanamke akisema koo linamkaba, jina la ugonjwa wake lilikwisha kumhukumu kabla hajapimwa. Ni mwaka 1968 ambapo daktari Mwingereza, Kenneth Malcomson, alipendekeza jina la Kilatini lenye maana ya donge la koromeo tu, kwa kuwa aliona kwamba wengi wa wagonjwa hawakuwa na wazimu wowote. Jina likabadilika, na pamoja nalo namna ya kumtazama mgonjwa.

Sisi nasi tusijione tumesalimika. Katika Kiswahili, donge ni tonge la kitu kilichoshikamana, lakini pia ni kinyongo. Mtu mwenye donge moyoni ni mwenye wivu au chuki asiyoitoa. Fundo nalo ni vivyo hivyo: kuna fundo la kamba, na kuna fundo la moyo. Kwa hivyo mwanamke akiwaambia majirani kuwa ana donge, baadhi yao huanza kukisia amegombana na nani. Lugha imeona kitu cha kweli, kwamba moyo na koo ni majirani. Kosa letu huwa ni kugeuza ujirani huo kuwa lawama.

Ujirani huo una sababu za kimwili. Mtu anapohuzunika, mwili hutaka hewa nyingi, na mlango wa njia ya hewa hufunguka. Anapojaribu kumeza machozi yake, mlango huo hutakiwa ufungwe. Misuli ya koo hushindana, na ushindani huo ndio tunaouita kilio kilichokaba. Akilia, misuli hulegea. Asipolia, mkazo huweza kudumu. Nasi katika Kaunti ya Nyeri tunajua maana ya kilio cha namna hiyo. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 moto uliteketeza bweni la wavulana katika shule ya Hillside Endarasha, huko Kieni, na watoto 21 wakapoteza maisha. Taifa lilitangaziwa siku tatu za maombolezo. Lakini mzazi, mwalimu na mwanafunzi hawaombolezi kwa kufuata ratiba ya serikali. Katika milima yetu, kama kwingineko, mvulana hufunzwa mapema kuwa kulia ni kwa wasichana, naye mwalimu hutarajiwa kurudi darasani akiwa mkavu wa macho. Anayemeza majonzi mwaka mzima asichekwe akisema kuwa koo linamkaba, wala asiambiwe kuwa huo ni uongo. Ni mwili unaosema kile ambacho kinywa kilikatazwa.

Sasa tugeukie kitenzi cha pili, ambacho hakina mzaha. Chakula kinapokwama, kwanza nyama na ugali, kisha wali na mkate, halafu hata uji, hiyo ni habari nyingine kabisa. Kenya imo katika ukanda wa mashariki mwa Afrika ambamo saratani ya umio ni nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, nayo ni miongoni mwa saratani zinazowaua Wakenya wengi zaidi. Hospitali ya Tenwek, katika Kaunti ya Bomet, imewaona wagonjwa wake kwa miaka mingi, na miongoni mwao wamekuwamo vijana ambao hawajatimiza hata miaka 30. Wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, wakati hata maji hayapiti. Ukiuliza kwa nini, utakuta mara nyingi kuwa ugonjwa ulianza taratibu, na mgonjwa akajizoesha. Aliacha nyama, akasema meno yanamsumbua. Akaacha ugali, akasema haupendi tena. Kila alichokiacha alikitafutia sababu, mpaka akabaki na uji. Mficha maradhi, wahenga walisema, kilio humuumbua.

Hapa inafaa kutaja chai yetu. Majani yanayosindikwa Ragati, Gathuthi, Chinga na Iria-ini yana sifa njema duniani, na sina nia ya kuyakosea heshima. Lakini mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kuwa vinywaji vya moto sana, vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi, yamkini husababisha saratani ya umio. Hatari imo katika moto, haimo katika majani. Hata hapa Nyeri, ambapo kwa sababu ya mwinuko maji huchemka kwenye takriban nyuzi 94, chai itokayo sufuriani iko mbali juu ya kiwango hicho. Mwalimu anayeimeza chai ya saa nne kwa pupa kabla kengele haijalia angefanya vyema kuiacha ipoe kwa dakika chache. Tumbaku na pombe kali nazo zimo katika orodha ya visababishi, na hazina tetesi.

Mbali na chakula kukwama, kuna dalili nyingine ambazo hazifai kungojewa: maumivu wakati wa kumeza, kupungua uzito bila sababu, sauti iliyopwelea kwa zaidi ya wiki tatu, kutema au kutapika damu, maumivu ya sikio la upande mmoja yasiyo na maelezo, donge linalosikika upande mmoja tu wa koo, na uvimbe shingoni unaoweza kuguswa kwa mkono. Anayevuta sigara au kunywa pombe kwa wingi, na aliyepita umri wa makamo ambaye hisia hii ni ngeni kwake, aende apimwe hata kama hana dalili nyingine. Na ikiwa donge lilianza ghafla mtu alipokuwa akila samaki, huo huenda ni mwiba. Asiusukume kwa tonge kubwa la ugali kama wengi wafanyavyo. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Uvimbe wa shingoni unanikumbusha rovu, yaani kuvimba kwa tezi iliyo mbele ya koo. Udongo wa nyanda za juu zilizo mbali na bahari huwa na upungufu wa madini ya iodini, na zamani rovu lilizoeleka katika sehemu za milimani mwa nchi yetu. Sheria ikaagiza chumvi itiwe iodini, na hali ikawa bora sana. Hata hivyo rovu halijatoweka, na wakati mwingine hulikandamiza koo kutoka nje. Simama mbele ya kioo, umeze maji, na uitazame shingo. Ukiona uvimbe unaopanda na kushuka pamoja na kumeza, mwonyeshe tabibu.

Sasa ndipo tunapofikia tatizo la lugha lenyewe. Neno koo katika Kiswahili hubeba mengi mno: njia ya hewa, njia ya chakula, hata mahali pa sauti. Mgonjwa akisema "koo linanisumbua", hajasema ni njia ipi. Jambo hilo huzidi kuwa gumu katika miji yetu ya Mlima Kenya, ambamo mara nyingi nyanya huongea Kikuyu, Kimeru au Kiembu, mjukuu hutafsiri kwa Kiswahili, naye tabibu huandika kwa Kiingereza. Nyanya husema habari ya mũmero wake. Mjukuu husema "koo". Tabibu huandika kuwa koo linauma, na dawa ya mafua hutolewa. Katika safari hiyo ya lugha tatu, habari muhimu kuliko zote, kwamba nyanya ameacha kula nyama tangu mwezi wa pili, imedondoka njiani. Hakuna aliyeikusudia kudondoka. Hakuna aliyeiuliza.

Basi mtu akipimwa, na daktari akatazama koo kwa kamera nyembamba ipitishwayo puani, asione ugonjwa, afanye nini? Jambo la kwanza ni kuyaamini majibu. Kuelezwa vizuri chanzo cha hisia hiyo ni sehemu kubwa ya tiba, kwa kuwa hofu hukaza msuli, na msuli uliokaza huzidisha hofu. La pili ni kuacha kulijaribu donge. Kila umezapo mate kwa nguvu ili kuona kama bado lipo, unaukaza msuli ule ule. Mate huisha, koo hukauka, na donge huongezeka. Kujikohoza kila mara ni vivyo hivyo, maana nyuzi za sauti hugongana na kuwashwa. Kunywa maji kwa mafunda madogo kila msukumo huo unapokujia. Kupiga miayo polepole, kuvuma kwa midomo iliyofungwa, kuzungusha mabega na kupumua kwa utulivu kwa kutumia tumbo ni mazoezi yanayoilegeza misuli ya shingo na koo. Wataalamu wa tiba ya usemi huyafundisha, nayo yamewafaa wengi.

La tatu ni kiungulia. Asidi ya tumbo ikipanda huweza kuliwasha koo, na kwa hivyo anayesumbuliwa na kiungulia ale chakula cha jioni mapema, aache saa tatu zipite kabla hajalala, ainue upande wa kichwa wa kitanda, na apunguze mafuta, sigara na kahawa. Lakini hapa pana onyo. Imekuwa mtindo kwa watu kununua dukani vidonge vya kuzuia asidi na kuvimeza miezi nenda miezi rudi kwa ajili ya donge. Utafiti uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa 346 wenye matatizo ya koo yasiyokwisha, na kuchapishwa mwaka 2021, uliwalinganisha waliopewa dawa ya namna hiyo na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Baada ya wiki 16, hapakuwa na tofauti baina yao. Asiye na kiungulia, basi, asidhani kuwa tiba yake imo katika kidonge hicho, na aliye nacho atumie dawa kwa ushauri wa daktari.

Pia kuna wale wanaomwendea mganga akakate kimio, kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Desturi hiyo ipo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na hudaiwa kuwa ni dawa ya kikohozi na ya koo. Kimio hakina hatia. Kukikata kwa kisu kisicho safi kumewaletea watu, hasa watoto wadogo, kuvuja damu, pepopunda na hata kifo. Anayelalamikia donge lililo chini ya koromeo hawezi kuponywa kwa kukatwa kitu kilicho juu yake.

Nawageukia walimu wenzangu, kwa kuwa koo ndilo jembe letu. Ada za shule za msingi zilipoondolewa mwaka 2003 madarasa yalifurika, na kuanzia 2018 serikali iliposisitiza kila mtahiniwa wa darasa la nane aingie sekondari, huko nako kukafurika. Mwalimu husema kwa saa nyingi kwa siku juu ya sauti za wanafunzi 50 au zaidi, huku mvua ya Aprili ikipiga mabati, au madirisha yamefungwa kwa baridi ya Julai na vumbi la chaki limetanda. Jioni koo lake limechoka kama miguu ya mpagazi. Je, ni ajabu likikaba? Mwanariadha hufundishwa kuitunza misuli yake. Mwimbaji hufundishwa kuitunza sauti yake. Mwalimu hupewa chaki na ratiba.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, vyuo vya walimu, na hapa Nyeri tunavyo Kagumo na Kamwenja, vitenge saa kadhaa za kufundisha utunzaji wa sauti: namna ya kupumua, namna ya kufikisha sauti nyuma ya darasa bila kupayuka, na umuhimu wa chupa ya maji mezani. Jambo hilo halihitaji bajeti kubwa. Pili, wakuu wa shule waipe idara ya ushauri nasaha chumba na muda wa kweli, na mlango wake uwe wazi kwa walimu pia. Ni jambo la kushangaza kwamba tunatarajia mwalimu amfariji mwanafunzi aliyefiwa ilhali hakuna anayemuuliza yeye mwenyewe amelalaje.

Tatu, na hili ndilo la kitaaluma kwangu, tubadilishe namna tunavyofundisha isimujamii. Mwanafunzi wa Kenya hufundishwa sajili ya hospitalini. Hukariri sifa zake: hutumia msamiati maalumu, huchanganya ndimi, hutumia lugha ya upole, na kadhalika. Kisha hupewa mazungumzo ya daktari na mgonjwa ataje sifa tano. Lakini hafundishwi kuwa mgonjwa mwenyewe. Kwa nini tusimwombe aandike mazungumzo ambamo mgonjwa anaeleza anachohisi kwa usahihi: mahali kilipo, kilianza lini, hutokea wakati gani, na kinapatana vipi na chakula? Kwa nini tusimwombe atafsiri maneno ya nyanya yake kwa tabibu, bila kudondosha neno? Mtoto huyo ndiye mkalimani wa nyumba yake, apende asipende. Atakapopelekwa na bibi yake Tumutumu, Mathari au hospitali ya rufaa ya kaunti, ustadi huo utamfaa kuliko orodha ya sifa tano.

Najua kuna watakaosema kuwa ninalitwika sarufi zigo la udaktari, na kwamba si kila mgonjwa huchagua vitenzi vyake kwa makini. Ni kweli. Wapo wasemao "kimekwama" ilhali wamekabwa, na wapo wasemao "koo linanikaba tu" ilhali hawajala chakula kigumu kwa mwezi mzima. Ndiyo maana sisemi daktari aridhike na kitenzi akaacha kupima. Ninalosema ni kwamba kitenzi kifungue mlango wa swali, na swali liulizwe na kila mtu aliye karibu na mgonjwa: mke, mwana, mwalimu, tabibu wa zahanati. Swali lenyewe ni fupi, na halihitaji shahada: chakula chapita?

Kikipita vyema, na hakuna dalili nyingine kati ya nilizozitaja, mwambie mwenzio asiogope, amwone daktari kwa utaratibu, anywe maji, alegeze mabega, na amtafute mtu wa kumweleza yaliyo moyoni. Kisipopita, hata kama ni tonge moja la nyama kwa wiki, usimpe ushauri wala mizizi ya kutafuna. Mtafutie nauli, umsindikize hospitalini, na mkifika huko uhakikishe kuwa neno kukwama limeandikwa.